Ngozi ya Kiingilio

Jumatatu, 3 Machi

Leo mkuu wetu, Kipara, amenivua nguo mbele ya maabara nzima. Alisimama kwenye ubao, akaonyesha grafu yake, akasema seli zetu za kulinganishia, zile zinazotakiwa kuwa safi kuliko kitu chochote humu ndani, zimekutwa na kirusi cha jamii ya herpes. Halafu akanigeukia. "Mikono iliyoshika kirusi ndiyo iliyoshika seli safi. Uchafu huu umetoka kwako."

Wote wakainamia meza zao. Watu ninaowaazima glovu kila siku!

Eti mikono. Mimi nabadilisha glovu mpaka mtunza stoo ananinunia. Lakini kirusi chenyewe ndicho ninachokifanyia utafiti wa shahada yangu. Ni kile kinachowapa watoto wachanga homa na vipele; karibu kila mtu amewahi kukipata. Basi kikionekana mahali kisipotakiwa, mwizi ni mimi. Jumatatu ijayo kamati ya idara inakaa. Ikikubali kwamba nimechafua seli kwa uzembe, shahada imekwisha na meza yangu anapewa mwingine.

Na kadi ya chumba cha seli wamenipokonya. Kadi! Utafikiri mlevi anayenyang'anywa funguo za gari.

Namchukia. Nimeshaandika, nitalala vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri.

Kuna kitu hakiniingii akilini. Kirusi hiki kikimwagikia seli, kinapanda, kinashuka, seli zinavimba na kufa. Hizi hazifi. Kila chupa kiasi cha kirusi ni kile kile, wiki nenda wiki rudi. Uchafu gani wenye nidhamu hivyo?

Kadi wamechukua, darubini hawakuchukua. Na nina slaidi za seli hizo hizo nilizoziandaa mwezi uliopita. Nitazitia rangi inayong'aa pale tu DNA ya kirusi ilipo. Kipara akiniuliza, nasafisha lenzi.

Amepita mlangoni, kichwa kinametameta. "Habari za kazi?" Nimejibu kwa pua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeona!!

Niandike taratibu. Kromosomu zimetawanyika kwenye slaidi kama vipande vya tambi. Nukta ya kijani — kwenye ncha ya kromosomu ya kumi na saba, moja tu kati ya zile mbili za jozi. Seli ya pili, pale pale. Ya tatu, pale pale. Niliendelea mpaka macho yakatoa machozi. Hakuna seli inayoikosa, na hakuna nukta iliyotangatanga kwingine.

Huu si uchafu! Kirusi hakikuingia kwenye chupa. DNA yake imejishona kwenye kromosomu yenyewe, na imo humo tangu mwenye seli alipotungwa tumboni mwa mama yake. Amerithi kwa mzazi mmoja, kama mtu anavyorithi pua. Watu wa namna hii wapo, kama mmoja katika mia, na wengi wao hawajui hata kidogo. Wanakula, wanalala, wanazaa.

Na mwenye seli ni nani? Hapo nilicheka peke yangu mpaka mfagizi akachungulia.

Kila anayeanza kazi hapa hukatwa kipande kidogo cha ngozi mkononi, juu ya kiwiko. Tunaiita ngozi ya kiingilio. Inakuzwa, inagandishwa, inatumika. Na chupa tunayolinganishia kila kitu, ile inayoitwa Mama, imetokana na ngozi ya Kipara mwenyewe. Hakuna mgeni asiyehadithiwa. "Mimi nimo kwenye mtungi ule wakati nyinyi hamjui hata kushika pipeti!"

Basi uchafu ni wake! Wa ukoo wake! Nitamsubiri kwenye kamati. Nitaonyesha picha moja moja, bila haraka, kisha nitauliza kwa adabu zote ngozi hii ni ya nani. Nataka nikione kichwa kile kikibadilika rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Ni mjinga. Mimi.

Nilikuwa napanga picha za kamati, kromosomu jozi kwa jozi, zipendeze. Nikafika jozi ya mwisho. X na X. Nikachukua seli nyingine. X na X. Hakuna Y popote. Hizi ni seli za mwanamke! Jana nilikuwa na uchu wa kumkomoa mtu, nikatazama kumi na saba tu. Na maabara nzima imezitumia miaka yote hii bila mtu kutazama, kwa sababu mkuu amesema ni zake.

Nikaenda kwa Barafu, mzee anayetunza mitungi ya kugandishia. Alinipa kiti, akanimiminia chai. Nilipotaja chupa ya Mama akaanza kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Binti yangu, mambo ya zamani unayafukulia nini?"

Nikamwambia nafukuzwa. Akazunguka weee, mwisho akatapika yote. Miaka mitatu iliyopita alisahau kujaza naitrojeni, mtungi ukapata joto, seli za Kipara zikafa zote. Akaogopa. Akachukua chupa za mtu mwingine kwenye mtungi wa pili, akazibandika lebo ya Mama, akafunga mdomo.

"Za nani, mzee?"

"Zilizokuwa mbele. Za mgeni wa mwaka ule."

"Mgeni gani?"

Alikuwa anautazama mkono wangu, juu ya kiwiko. Mwaka ule mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Ananiomba nimstiri, eti kakaribia kustaafu. Simwonei huruma hata chembe. Mimi nani ananistiri? Chai yake niliiacha pale pale.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeng'oa nywele zangu na mizizi yake, nikazipima kwa mashine wakati wenzangu wamekwenda kula. Kirusi ninacho. Kila unywele.

Uchafu huu umetoka kwako! Mshenzi yule hakujua anachosema, na bado amepatia. Hilo ndilo linaloniuma. Nikisema ukweli nimeokoka, na yeye atalirudia neno lake mpaka siku anazikwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa dada. Ametoka saluni, nywele mbichi, kaniwekea chakula bila kunitazama. Nikamweleza. Si ugonjwa, nikasema. Ni maandishi ya zamani tu, yamebaki.

"Herpes?" Kijiko kikaanguka. "We mtoto, unaniletea herpes mezani kwangu?"

Nikaeleza tena. Si ile anayoifikiria. Akakata kauli: hiyo imetoka kwa baba. Upande wa mama sisi tuko safi. Nikamuuliza atajuaje, na yeye mwenyewe huenda anacho, nusu kwa nusu. Nikamwomba unywele mmoja tu. Akashika kichwa kwa mikono miwili kama nimemtolea kisu.

"Ukienda huko kwenye kamati yako, taja damu yako. Yangu usiiguse! Nina watoto mimi. Unataka shuleni waitwe nani?"

Nikamwambia ni roho mbaya. Akaniambia nimekuwa hivi tangu tuko wadogo, nikipigwa nje lazima nije niwapige wa nyumbani. Nikaondoka. Hakunisindikiza hata mlangoni. Kwenye ngazi nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika chooni.

Kamati ilianza asubuhi. Nilionyesha picha. Nukta, nukta, nukta. Nikasema si uzembe, ni urithi. Mwenye ngozi amezaliwa nacho. Mama mwenyekiti akavua miwani, akasogea hadi kwenye picha ukutani. Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa bado natafuta namna ya kusema ni ya nani, Kipara akasimama.

"Ngozi ni yangu. Kila mtu anajua." Akamwita Barafu. Barafu akaja, kofia mkononi, na mimi nikamkodolea macho. "Mzee, chupa ya Mama ni ya nani?"

"Ni yako, mkuu."

Hivyo hivyo, macho makavu! Na nyuma yake ukutani picha yangu imejaa pale, X mbili, na hakuna kati yao anayeitazama jozi ya mwisho. Ningesema. Kila nilipoufungua mdomo nilisikia neno lile, umetoka kwako, umetoka kwako.

Kipara akasema basi apimwe yeye, hapo hapo. Nywele zenye mizizi. Kichwani hana, akafungua kifungo cha shati, akang'oa za kifuani, moja, mbili, watu wanacheka. Akazitia kwenye kichupa, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. "Zikitoka safi, huyu bibi afungashe." Mama mwenyekiti akakubali. Mashine inawashwa baada ya chakula.

Zitatoka safi. Najua kuliko yeye.

Walipotawanyika nikaingia chumba cha mashine. Nikang'oa zangu, nyingi kuliko inavyohitajika, mpaka machozi yakanitoka. Nikaziweka kwenye kichupa cha pili kando ya chake. Kalamu ninayo mkononi, jina sikuandika. Nikasikia viatu vyake, nikakimbilia huku.

Sasa yuko humo chumba cha mashine, ukuta kati yetu ni wa mbao tu. Mama mwenyekiti yuko naye. Namsikia Kipara anauliza hiki kingine ni cha nani. Anauliza tena, kwa sauti, kama anajua niko hapa.

Anasema kichupa kisicho na jina ni uchafu. Anasema anakitupa.