Kwa Mama Adelina, Mkalimani Aliyekiuka Kanuni Mara Moja

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Februari ulipoanguka kwenye ngazi za stesheni ya Bredäng, hapa Stockholm, mkoba begani, chupa ya chai mkononi. Moyo ulisimama kabla gari la wagonjwa halijafika. Ulikuwa na miaka hamsini na minane, na ulikuwa unawahi mkutano mjini.

Nyumba imepwaya. Baba bado anapika isombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ya kutosha watu wanne, kisha tunaila siku tatu mfululizo, na hakuna anayethubutu kumwambia.

Sisi wanao, Elvire na Roméo, tunakukumbuka ulivyokuwa ukicheka kabla ya kumaliza kichekesho chako, hata mwisho wake tusiusikie. Tunakumbuka machungwa uliyowamenyea watu usiowajua kwenye vyumba vya kusubiri, maana ulisema mtu akiwa na chungwa mkononi hatetemeki sana. Ulituzungumzia Kiswahili, tukakujibu Kiswidi, miaka ishirini, na hakuna aliyesalimu amri. Haya, leo umeshinda. Kiswahili chetu kikiyumba humu, kisahihishe kimyakimya.

Kazi yako ilikuwa ukalimani. Ulikaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya karani na mkimbizi, na kanuni ya kazi hiyo uliijua kama sala ya Bwana: mkalimani hubeba maneno ya wenzake, la kwake halimo. Miaka kumi na tisa uliishika.

Mpaka siku ile hospitalini. Mgonjwa alikuwa mzee wa kwetu Bujumbura ambaye hajapata usingizi mzuri tangu vita; jina lake hukututajia kamwe. Alikuwa amesikia kuna utafiti wa psilosibini, dawa itokanayo na uyoga, ambayo madaktari walikuwa wakiwapa, chini ya uangalizi, watu wenye huzuni isiyosikia vidonge. Akaomba naye aingizwe. Daktari akajibu, kwa upole tu, kwamba utafiti haupokei wanaohitaji mkalimani. Ukaitafsiri sentensi hiyo kama ilivyo. Yule mzee akakunja kofia yake, akasema asante.

Hapo ukashindwa kuvumilia. Ukamgeukia daktari: "Sasa naongea mimi, Adelina. Huyu mzee ana huzuni kwa Kiswahili. Mtamngoja mpaka ahuzunike kwa Kiswidi?"

Kampuni iliyokuwa ikikutuma kazini haikukupigia simu tena.

Basi ukaanza kusoma. Mezani kwetu wakaingia, kutoka vitabuni, watu ambao hatukuwaalika. Alikuwepo mkemia wa Uswisi aliyeonja dawa ya jamii hiyo aliyoitengeneza mwenyewe maabara, akarudi nyumbani kwa baiskeli huku dunia ikimyumbia. Alikuwepo mganga mmoja mwanamke wa milima ya Meksiko, aliyewaonyesha wageni uyoga wa wazee wake. Wageni wakaondoka na sifa, yeye akachomewa nyumba. Huyo ndiye uliyempenda kuliko wote. "Wenye dawa walikuwa watu wa hali kama yetu," ulisema, "na leo tunaambiwa tubaki nje kwa sababu ya lugha." Baba, mumeo Anicet, alikuwa akikutania: "Mama Elvire, hao wageni wako wamemaliza kula? Tuondoe sahani?" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Wewe mwenyewe dawa hiyo hukuwahi kuionja. Kwenye ukumbi wa mtaa wa Rågsved, mbele ya watu arobaini, ulisema wazi kwamba si ya kuchezea, kwamba wapo walioichukulia mzaha ikawadhuru, na kwamba unachodai ni kiti kimoja tu katika kile chumba cha matibabu, kiti cha mkalimani. Lakini maneno yana miguu. Yalipofika kanisani yalikuwa yameshageuka: Mama Elvire anauza madawa ya kulevya. Wanakwaya wenzako wakaanza kuhama benchi. Roméo naye akakuambia, "Mamma, sluta nu," uache sasa, kwa sababu hata shuleni walimcheka. Ukampapasa kichwa, ukaenda kuandika barua nyingine.

Na Baba. Hili tunaliandika kwa ruhusa yake, yuko hapa ameketi nasi. Baba alichoka kuulizwa. Akawa anawajibu watu, "Hayo ni ya kwake, mimi simo." Aliwahi kulisema umesimama ubavuni kwake, umemshikia koti. Ukamvalisha koti, mkaondoka.

Ulipofariki, alimwomba Mchungaji Augustino asome wasifu mfupi: alikuwa mkalimani, mke mwema, mpishi hodari. Miaka yako mitatu ya mwisho, ile uliyopigana kuliko yote, ikapita bila kutajwa. Sisi wanao tulikaa benchi la mbele tukanyamaza. Tulijua, tukanyamaza. Utusamehe, Mama.

Novemba simu yako ikalia jikoni. Baba hajathubutu kuifunga laini yako. Aliyepiga ni mwanamke kutoka kwenye ule utafiti. Masharti yamebadilishwa, akasema. Sasa watapokea watu wenye wakalimani, na barua zako kumi na moja wanazo kwenye faili. Walitaka wewe uwe wa kwanza kukalia kile kiti.

"Amefariki," Baba akasema.

Yule mwanamke akauliza anaongea na nani, na kama huyo mtu anaijua kazi ya Adelina.

Baba akashika ukingo wa meza. Kiswidi chake unakijua, ni cha ghalani tu, cha maboksi na makontena. Kwa Kiswidi hichohicho akajibu, "Mimi ni mume wake. Kazi yake naijua yote." Akaieleza tangu siku ile ya mzee na kofia, barua kwa barua, ukumbi kwa ukumbi, dakika arobaini nzima, mambo ambayo sisi tulidhani hakuwa akiyasikiliza. Alisema una akili kuliko watu wote aliowahi kukutana nao. Alisema ulikuwa na haki. Yule mwanamke akamshukuru, wakaagana.

Baba akaiweka simu chini. Akatugeukia, akasema, "Nimemwambia mtu baki. Mama yenu sikumwambia hata siku moja."

Ndiyo sababu ya tangazo hili. Tulimpa kalamu, akaandika mstari wake mwenyewe:

"Adelina, ulisema kweli. Niliogopa watu. — Anicet."

Unakumbukwa na mumeo Anicet. Wanao Elvire na Roméo. Dada yako Gaudiose aliyeko Buyenzi, Bujumbura. Na mzee mmoja wa hapa Stockholm, mwenye kofia, aliyetutafuta mwenyewe akatuomba tusimtaje jina.

Siku zote za maisha yetu, Mama, hatutakusahau.