Cha Kuwashia Mkaa wa Mama

Chumba cha Pili,
Nyuma ya Karakana ya Seremala.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Hujambo? Ule mgongo umetulia, au bado unabeba magunia kama kijana wa miaka ishirini? Sisi huku hatujambo, kwa maana mtu akiulizwa hali hawezi kuanza kutaja kiungo kimoja kimoja. Mimi nimechoka tu, na uchovu wenyewe si wa kulala ukaisha.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Ukipiga, Mama huweka sauti ya juu ili asipitwe na neno lako hata moja, na ninayotaka kukuambia safari hii yanamhusu yeye.

Kifua chake bado. Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari wa kifua, akaambiwa apulize kwenye kimrija, na pumzi ikamwishia njiani mara zote tatu. Daktari akasema aache kukaa kwenye moshi. Sasa, mama yako unamjua. Amechoma kuku mbele ya ile gereji tangu wewe hujaota meno, na kumwambia akae nyumbani ni kumpigia mbuzi gitaa. Tukapatana hivi: kazini atakuja, ila kitu cha kuwashia mkaa lazima kibadilike, na wa kukichagua ni mimi.

Basi wiki tatu hizi sina kazi ila kuchagua cha kuwashia mkaa. Nilianza na mafuta ya taa. Mkaa ulishika upesi, lakini harufu iliingia kwenye nyama hadi mfupani. Fundi mkuu wa gereji, yule tunayemwita Spana, alitafuna mara moja akanitazama.

"Dada, huyu kuku leo umembadilisha oili?"

Mafundi wenzake walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilicheka nao, kisha nikarudi nyuma ya jiko nikashinda na hasira hadi jioni.

Nikajaribu vile vibonge vyeupe vya dukani. Vinawaka vizuri, haki yao niwape, ila ni lazima uviache viungue viishe kabisa na mkaa ufanye jivu juu, ndipo uweke nyama. Mama na subira hawajawahi kukaa nyumba moja. Nikigeuka kuosha sahani, nikirudi kuku wako wavuni na vibonge bado vinafuka. Nikahamia kwenye maranda ya mbao, kwa kuwa seremala ni jirani mwema na kwake yanajaa mpaka mlangoni. Ule ni moto wa mabua, kaka: unaruka juu, unakubabua nyusi, unazimika na mkaa haujapata habari. Tena nusu yake yalikuwa na vanishi. Tulikohoa wote wawili siku hiyo.

Mwishowe fundi bati alinitengenezea bomba kwa debe la mafuta ya kula. Amelikata juu na chini, akalitoboa matundu ubavuni, akaweka wavu ndani na mpini wa mti. Karatasi kavu unaikunja chini ya wavu, mkaa unaujaza juu, unawasha, unakaa pembeni. Baada ya robo saa hivi mkaa wote ni mwekundu, hakuna kupuliza wala kupepea, na moshi ni ule wa mwanzo tu. Hilo ndilo nililochagua. Kama na ninyi huko mnachoma nyama, tafuteni debe.

Siku ya kwanza Mama alikaa kwenye kigoda, kipepeo cha moto mapajani, akilitazama debe likimfanyia kazi yake.

"Haya, sasa mimi hapa mnanitakia nini?"

Nikampa vitunguu amenye.

Ungedhani hapo nikapumzika. Wapi! Kuna jambo limenikaa rohoni, na ndilo lililonikalisha chini kukuandikia. Wewe uliondoka mapema, hujui tulikuwa tukiwasha kwa kitu gani. Tangu nilipoachika nikarudi nyumbani, kuwasha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nachukua vipande vya tyubu na tairi kuukuu kwa fundi baiskeli, maana mpira hushika hata mkaa ukiwa na unyevu. Nikishawasha nakwenda zangu sokoni kutafuta kuku. Aliyebaki ameinama kupuliza ule moshi mweusi ni Mama. Miaka tisa, mdogo wangu.

Daktari alituuliza waziwazi tunawasha kwa kitu gani. Nilifungua mdomo, Mama akaniwahi.

"Karatasi na vijiti, daktari. Siku zote."

Daktari akaandika vivyo hivyo, nami nikanyamaza. Wiki iliyopita tulirudi akawa anakuna kichwa. Dawa hazifanyi kazi alivyotarajia, na alisema kifua hiki hakifanani na cha mtu wa karatasi na vijiti. Nikanyamaza tena. Naona aibu hata kuliandika.

Juzi tukiwa wawili jikoni nilimuuliza Mama kwa nini alidanganya. Hakuinua macho kwenye bakuli la vitunguu.

"Yule angeandika, angefunga faili lake, basi. Wewe ungebaki nalo maisha yako yote."

Nililia, nikasingizia vitunguu.

Alhamisi tunarudi, na nitasema mimi, kabla Mama hajakaa vizuri kwenye kiti. Naogopa jicho la daktari, na zaidi naogopa kuambiwa ni kiasi gani kimeshaharibika. Lakini mama yetu hawezi kuendelea kunywa dawa za kifua cha mtu mwingine ili mimi nilale vizuri.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichotuma kimenitosha. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mjomba naye anakusalimu, bado anadai hazeeki. Mungu akutunze mgongo na riziki, akutangulie uendako na urudipo.

Sikukuandikia haya ili unifariji. Nimekuandikia ili nisiwe na pa kukimbilia. Alhamisi jioni nipigie, usinisalimu wala usinizungushe. Niulize tu: umesema?

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Dada Mkubwa.