Raehan Ale Wapi Siku ya Maulidi?

Mshauri wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nishike mkono kabla Ijumaa haijafika, maana nimebanwa kati ya mkwe na mwalimu na nyumbani kwangu hakukaliki. Nina binti wa miaka tisa, Raehanun, tunamwita Raehan, alhamdulillahi ana akili na mdomo kama cherehani, ila mikono yake inatetemeka tangu azaliwe, tonge likianza safari kwenye sinia nusu ya wali inashukia njiani. Mwaka huu shule ya kijijini imepokea agizo la serikali kwamba watoto wote wasome darasa moja, mwenye ulemavu na asiye nao, nami nikasujudu kwa shukrani. Sasa Ijumaa shule inasoma Maulidi, na baada yake ni begibung, watoto wanne wanne sinia moja, wali, nyama na mchuzi wa shina la mgomba, na wewe Msasak mwenzangu unajua mila, hanawi mtu mpaka wa mwisho atosheke. Wa mwisho atakuwa nani kama si Raehan wangu?

Mwalimu Hilwati, dada mpole, akaja nyumbani. "Mama Raehan, usihangaike. Nitamwekea sahani yake na kijiko ofisini, ale kwa raha zake. Agizo linasema kila mtoto apewe kinachomfaa." Nikaona aibu imenipungua, nikaitikia. Mkwe wangu, Bibi Sahnim, alikuwa barazani anasuka kawa, akalitupa kule.

"Ofisini? Mjukuu wangu kamkosea nani hata atengwe? Paka wangu mwenyewe hali peke yake!"

"Basi bibi," nikasema mimi, "ale siniani, ila kwa kijiko."

"Kijiko siniani! Tunakula au tunachota mchanga?"

Tangu hapo mkwe hasemi nami, anasema na kuku ili nisikie: "Kuku wangu, msisome sana, mtakuja kulishwa ofisini." Anaapa Ijumaa atakuja na mashangazi wote watandike mkeka mlangoni mwa ofisi.

Juu ya hayo nikasikia watoto wa darasa lake wanagombana kwa ajili ya Raehan, nikalia, nikijua hawamtaki. Kumbe wanamgombania! Mtoto wa jirani anamfokea mwenzake uani: "Raehan ni wa sinia letu! Asipomaliza hatunawi, na tusiponawa mwalimu mkuu haanzi hotuba!" Sijui nicheke au nilie. Nimewaza Ijumaa nimlaze kitandani niseme ana homa, lakini ni uongo, tena siku ya Mtume. Nifanyeje?

Mama Raehan, Lombok ya Kati

Mama Raehan,

Wa alaykum salaam. Mwenye homa ni wewe, mtoto ni mzima. Pole, najua inavyochoma kuona mwanao anatazamwa akila. Lakini umemsikiliza mwalimu, umemsikiliza mkwe, hata kuku wamesemeshwa. Raehan umemuuliza? Mwenye mdomo kama cherehani, na barua nzima hana neno!

Mwalimu Hilwati ana nia njema ila agizo kalisoma nusu. Darasa moja halafu sahani mbali, huko ni kumkaribisha mgeni mlango wa mbele na kumtoa wa uani. Kumngoja wa mwisho tulikuwa nako kabla ya agizo lolote. Naye Bibi Sahnim asijifanye malaika: mila ni kula pamoja, hakuna aliyetumwa kukagua vidole. Mtoto akitaka kijiko apewe, na bibi mwenye mikono ya kusuka auzungushie mpini kitambaa unenepe, ashike vizuri. Mpelekee kazi hiyo leo. Mkwe akiwa na kazi huwasahau kuku.

Jioni muulize binti: mkono au kijiko, na sinia la nani. Akishasema, nenda kwa mwalimu wewe mwenyewe ukairudishe ile ndiyo yako. Uso ukiwaka aibu, uache uwake, utapoa. Ofisini asile hata panya.

Hao watoto usiwalilie. Wanamtaka kwa sababu ya hotuba, sawa. Wangapi kati yetu tulichumbiwa kwa sababu mbaya zaidi? Mwombe mwalimu mkuu afupishe. Akikataa, mnong'oneze Raehan sikioni: kula polepole, mama, wala usiwe na haraka.