Plasta Isiyoogopa Mafuta

Auckland, Jumapili

Shangazi Lavinia,

Viazi vikuu ulivyotuma vimefika, na mume wangu Semisi alishiba mpaka akasinzia kanisani.

Unasema plasta ya dawa tunayotengeneza imebanduka tena, ukakesha na maumivu. Usijilaumu. Nilimwambia bosi wa maabara kwamba huko kisiwani kwetu Vava'u kila mtu hujipaka mafuta ya nazi. Akacheka. "Basi waache kujipaka. Dawa haipiti kwenye mafuta."

Nikapaka mafuta yako kwenye ngozi ya nguruwe tunayojaribia. Dawa ilipenya vizuri zaidi kuliko kwenye ngozi kavu. Kinachoshindwa ni gundi tu. Nikamwonyesha.

"Fusi, wewe waandikie wagonjwa kwamba mafuta ni marufuku."

"Andika mwenyewe," nikamjibu. "Shangazi yangu alipakwa mafuta hayo siku aliyozaliwa, na atazikwa nayo. Hiyo gundi yako imezaliwa lini?"

Kwa hiyo kesho siendi kazini, nabaki nyumbani kutafuta gundi isiyoogopa mafuta, na usimwambie baba. Meza yangu ya jikoni imejaa ngozi ya nguruwe na makopo ya gundi, na Semisi analalamika harufu. Avumilie.

Wewe jipake, Shangazi. Gundi ndiyo itakayojifunza adabu.

Mtoto wa kaka yako, asiyesikia,
Fusi