Kifungo ya Mbili

Bwera, nyuma ya stoo ya kahawa
Ijumaa

Siraj mutoto yangu,

Salaam aleikum huko Juba. Ni mimi mama yako Naimah nasema, na Mwalimu Jolly ndiye anaandika, yule ya nyumba ya bati nyekundu. Nimemwambia aandike vile natoa mdomoni, asinyooshe kitu. Mwili iko namna gani? Ile mgongo iliacha kukusumbua? Huko unakula nini? Sisi hapa tuko wazima, Mungu asifiwe, magoti yangu tu ndiyo inakataa kilima. Ile mbuzi nyeusi ilizaa mapacha, moja ikakataa kunyonya, niko naipa maziwa na chupa kama mutoto ya mutu. Muhogo imetoka vizuri. Kabugho jirani anakusalimia. Hapana, Jolly, futa. Kabugho hakusalimii, na utajua juu ya nini.

Najua umeshangaa kuona barua. Kwa simu tulijaribu. Mimi nikianza, wewe unalia, ao unapiga kelele juu ya Kabugho, kisha mtandao inapotea. Swalik anatoka kesho na lori kuja huko, nikasema barua haikatiki katikati. Basi keti chini, soma yote, usirukie simu mbele ya kumaliza.

Naswiba, bibi ya ndoa yako, bado iko Kilembe kwa mama yake. Hii ni wiki ya tatu. Wewe unajua vile batu walikuambia. Mimi nakuambia vile macho yangu iliona.

Mwanzo ilikuwa asubuhi moja alienda soko ya Mpondwe na vitenge yake kama siku zote, nikaona saa nne amerudi. Naswiba, mutu ya kurudi na jua ya jioni! Akasema ni kichwa. Kesho yake nikapika samaki ya Katwe, ile ya chumvi, akashika pua, akakimbia nyuma ya migomba. Nikasikia anatapika. Nikauliza moyo yangu: leo samaki yangu ndiyo imekuwa mbaya? Mimi nilipika harusi ya mtaa hii yote, na hakuna mutu alishika pua! Nilikasirika siku mzima, hata chai yake sikumuachia.

Kisha nikaanza kumwangalia. Akawa anatema mate kila saa, anabeba kikopo yake kama mutu ya kuvuta tumbaku. Nilifagia chumba yenu, nikaona chini ya kitanda limau zimenyonywa zikakauka, jiwe ya chumvi imelambwa mpaka imekuwa laini kama sabuni, ile udongo ya kutafuna wanauza sokoni, na biskuti kavu ndani ya kitambaa. Nikafikiri ananificha chakula. Sasa ndiyo najua: ile biskuti alikuwa anakula mbele ya kuinua kichwa asubuhi, ndiyo tumbo itulie kidogo aweze kusimama, anisalimie, nisijue kitu.

Utaniuliza, mama, wewe ulizaa batoto saba, mimba yangu ilikulaza sakafuni miezi tatu, ulishindwa kuona namna gani? Ngoja. Nitafika hapo. Jolly naye ananiangalia vibaya.

Ile wiki redio ilikuwa inasema Ebola imerudi ng'ambo ya Kongo. Kule kwa mpaka unanawa mikono na dawa, wanakulenga na ile bunduki ya kupima moto ya mwili kwa paji ya uso, afande anapiga kelele, simama hapo, songa, simama. Mama ya afya alikuja mpaka msikitini. Akasema kila nyumba iangalie mutu yake: anatapika, amelegea, na alivuka mpaka. Siraj, mimi nilihesabu na vidole. Anatapika, ndiyo. Amelegea, ndiyo. Na wiki ile Naswiba alikuwa amevuka mpaka kwenda Kasindi kuchukua vitenge. Wewe ulikuwa mudogo, hukumbuki vile batu ya mavazi nyeupe walizika wafu, mama ya mutu amesimama mbali, hawezi kugusa.

Jumanne asubuhi Naswiba akaanguka karibu ya pipa ya maji. Macho imeingia ndani, midomo imepasuka. Nikataka kumshika, mikono ikakataa. Sikia hiyo vizuri, mutoto yangu. Mikono yangu ilikataa.

Saa moja haikupita, gari ikafika. Batu nne, nyeupe kutoka kichwa mpaka miguu, macho tu nyuma ya kioo. Wakapuliza dawa kwa mlango, kwa kitanda, kwa viatu yake. Mtaa mzima ikasimama mbali. Naswiba alikuwa anasema, niacheni, mimi sina kitu, na wakati wanamuingiza alinigeukia akasema, mama, waambie. Niwaambie nini?

Na Kabugho alikuwa amesimama kwa ua yake ya senyenge, simu mkononi. Ile tu. Batu wakaona simu, wakasema ni yeye aliita gari. Tangu siku ile mandazi yake inalala kwa beseni, hakuna mutu ananunua. Watoto wanamuita kipuliza-dawa. Na wewe ukatuma sauti kwa simu ya Swalik, ukasema ni mchawi, ukirudi utang'oa ile senyenge yake na mikono. Swalik aliisikilizisha kwa kinyozi, batu wote wakasikia. Mimi nilikuwa pale.

Siku tatu nilienda kule walimuweka, nakaa nje ya wavu ya rangi ya machungwa na batu wengine. Siku ya tatu dokta mwanamke akatoka bila ile mavazi nyeupe, uso wazi, anacheka. Akauliza kwa sauti kubwa, nani ni mama ya Naswiba? Akasema, mama, hakuna Ebola hapa, binti yako iko na mimba, miezi mbili na nusu. Nikakaa chini. Kulikuwa matope, nikakaa. Batu wakafikiri nimezimia kwa furaha. Siraj, haikuwa furaha. Ilikuwa kama mutu amenimwagia maji ya moto.

Dokta akaeleza ile kutapika ilipita kipimo, hata maji haikuwa inakaa ndani, mwili ilikauka, ndiyo walimtundikia chupa mbili. Akasema ale kidogo kidogo mara nyingi, asikae na njaa, moshi na mafuta na samaki iwe mbali naye, na siku maji ikikataa kabisa akimbizwe lopitali, asingoje. Akasema angekaa nyumbani siku mbili tena ingekuwa vibaya. Kwa ile neno nilitaka kujificha. Nilitaka kusema, unaona, gari ilimsaidia. Lakini aliyeita gari hakuwa anafikiri maji.

Walipomwachilia, Naswiba hakuja hapa. Alipanda boda mpaka Kasese, kutoka pale akaenda Kilembe.

Jumapili nilimfuata, na magoti yangu hii. Nilimkuta kwa veranda, amekonda, shingo yake iko kama ya kuku. Hata salamu hatukumaliza, akaanza kutapika. Safari hii nilimshika. Nikashika paji ya uso na mkono moja, beseni na mkono ingine, mpaka ikaisha. Akapangusa mdomo, akasema polepole, mama, ile siku yule mutu ya gari aliniambia simu ilitoka ndani ya nyumba yetu.

Siraj, ni mimi. Jolly ameacha kuandika. Andika, Jolly. Ni mimi niliita gari, hapana Kabugho. Unajua sijui kusoma. Kwa simu yangu kifungo ya moja ni wewe, ulinipangia mwenyewe, na mama ya afya, siku ile ya msikiti, aliniwekea ya mbili, ya kuita gari ya Ebola. Nilisimama kwa mlango bibi yako amelala chini, nikabonyeza mbili. Ningebonyeza moja ungeniambia, mama, ni mimba. Naswiba amesema ulijua tangu mwanzo. Mulinificha juu ya mdomo yangu, na mulikuwa na haki. Miaka sita nilisema tumbo yake ni kavu, nikasema mbele yake, na mwezi ile ile nilikuwa nimetuma salamu Hima juu ya binti ingine ya kukuozesha. Ndiyo unajua sasa mama ya batoto saba alishindwa namna gani kuona mimba. Nilikuwa nimeshaifuta.

Na Naswiba alijua wiki mbili nzima kama ni mimi niliita, hakukuambia. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema, hiyo si ya mimi kusema, ni ya wewe. Akasema hatarudi kwa nyumba ambayo Kabugho anabeba kosa yako, mama. Maneno yake ni hiyo, sijaongeza.

Kabugho nilimwambia jana, pale kwa bomba, wanawake wote beko na mitungi. Nilitoa maneno mbili tu: ni mimi. Akatua mtungi yake, akasema, Naimah, kumbe siku moja na wewe unaweza kukosa maneno. Wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilinunua mandazi, ilikuwa ngumu kama kokoto, nikakula yote pale pale.

Sasa wewe tuma sauti ingine kwa Swalik, ya kumuomba Kabugho samahani, akirudi huku aisikilizishe kwa kinyozi kama ile ya kwanza. Kisha muulize bibi yako kama naweza kumfuata. Kama unataka kunikasirikia, nikasirikie mimi. Jiko ya samaki nimeihamisha mpaka kule kwa mbuzi.

Batu ya msikiti wanakusalimia. Vaa sweta ukiendesha alfajiri. Jolly ameniwekea Naswiba kwa kifungo ya tatu. Kila asubuhi nabonyeza. Anapokea, hasemi kitu, nasikia tu anatapika. Nami sisemi kitu, Siraj, mimi huyu unanijua. Nakaa na simu kwa sikio mpaka anamaliza.

Mama yako Naimah. Hapa chini ni dole yangu, ile wino ya bluu.