Godoro la Mama

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
10 Septemba 1956

Dada yangu Candida,

Shikamoo dada. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mavuno ya kahawa yanaendelea. Mimi mzima kiasi. Leo Jumatatu natetemeka, usamehe mwandiko.

Mnasema nimelewa mji, Krismasi mbili sijaja. Dada, nilianza na sindano moja, sasa nina mafundi sita, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini pamba nyeupe hupanda meli. Sisi wa magodoro tunaletewa iliyonyeshewa, yenye madoa ya kahawia. Nilipomlalamikia Mansukhlal, mfanyabiashara anayetuletea, alicheka akaniuliza ni nani hulala akitazama ndani ya godoro.

Tunaipiga fimbo mpaka iumuke, chumba kinajaa vumbi. Mwaka juzi nilihesabu: wiki kumi na moja, homa kumi na moja, zote za Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili. Nisipopumzika, siugui. Basi nikaacha misa, nikaacha na safari za nyumbani. Fundi wangu Abbasi hunitania eti nimeoa vumbi, na mke huyu hapokei talaka. Jana nilikwenda misa. Leo unauona mwandiko.

Mwezi uliopita daktari aliniambia madoa yale ni ya vijidudu wasioonekana kwa macho. Ukiipiga pamba, sumu yao huruka na vumbi, na jua haliiondoi.

Sasa umeniandikia kwamba Mama hushikwa homa na kubanwa kifua kila Jumamosi jioni, na mjomba anatafuta aliyemroga. Msimtafute mtu. Nilipomletea lile godoro nililomshonea, nilimwagiza alipige fimbo kila Jumamosi asubuhi lisibonyee. Naye ananitii. Ndani yake, dada, niliweka pamba ya madoa. Ile iliyo nzuri kidogo nilimwekea mteja. Nikajiambia Mama hatajua. Tangu siku ya daktari nimelikumbuka, nikanyamaza, kwa kuwa analisifu kwa ukoo mzima.

Barua hii anakuja nayo Tarsis wa kijijini kwetu, anapanda basi kesho. Litoeni kabla ya Jumamosi. Msilipige, msilifumue, lifungeni kwa shuka iliyolowa mkalifukie shambani. Mama atagombana nawe, maana husema mwanawe ndiye aliyemtoa kwenye ngozi ya ng'ombe. Arudi kwenye ngozi yake. Usimwambie limeliwa na panya, mwambie nilichofanya.

Wasalimie watoto wote. Mama mwambie namwamkia shikamoo. Asipoitikia, nitaelewa.

Mdogo wako,
Kasmir