Moshi wa Boti ya Kaka Hamisi

Walvis Bay, Namibia

Mdogo wangu Zuhura,

Mwakeye hapo Ujiji. Mgongo umepoa? Na dagaa wako vichanjani, wameona jua wiki hii? Mimi na mjukuu wangu tu wazima, ila jua la huku tunalisikia kwa watu tu: mawingu yamelala juu ya bahari mpaka mchana.

Nimeshika kalamu kwa sababu ile sauti niliyokutumia kwenye simu mliikata, mkasambaza kipande. Barua hii isome yote, pale mwaloni mnapoanika dagaa, mbele ya wanawake wote, na asikukatize mtu.

Nimesikia mmemkatalia Kaka Hamisi kushusha mizigo. Kaka yetu wa tumbo moja! Eti moshi wa boti yake unaita mawingu na mvua, dagaa wenu wanaoza. Mkiulizwa nani kasema, "Kasema Daktari Rehema." Zuhura, umeniudhi.

Ni kweli mwanangu ni daktari wa mawingu. Wapo wangapi hapo mtaani kwenu Buzebazeba? Huku hata wazungu wanamfuata na madaftari yao. Lakini nilipomweleza habari zenu alishika kichwa. "Mama, mimi nilisema hivyo lini?"

Akanikalisha. Moshi wa meli kubwa, zile za baharini, una chembe ndogo kuliko unga wa muhogo. Zikiingia kwenye wingu ambalo tayari lipo, zinagawana unyevu, kila chembe na tone lake. Matone yanakuwa mengi na madogo, wingu linazidi weupe, linalirudisha jua juu. Kwenye picha za angani, meli ilipopita panaonekana kama mstari wa chaki. Tena matone madogo hivyo hayawi mvua upesi. Sasa nyie hiyo mvua mmeitoa wapi?

Nikamuuliza, basi moshi ukipungua? Akasema siku hizi meli zinachoma mafuta safi zaidi, ile mistari imepungua, huenda bahari inapata jua zaidi. Kiasi gani? "Bado tunapima, Mama." Bado! Kasoma mpaka kavaa miwani, jibu lake bado! Nilitaka neno moja la kuwatumia.

"Na boti ya mjomba wako?"

"Mama, boti moja haileti masika."

Sasa hapa usiruke. Yale ya ziwa letu kwenye ile sauti, kwamba hata huko moshi wa boti unazidisha mawingu, Rehema hakuyasema. Niliyaongeza mimi. Kila siku nasikia bahari, bahari, nikataka na kwetu kutajwe. Nikamtia kaka kwa kuwa moshi ninaoujua ni wake. Wasomee hivyo hivyo, kwa sauti. Wa kunicheka anicheke, ila kaka ashushe mizigo yake leo.

Nisalimie mama mkwe wako, na wifi yetu, mke wa kaka, ambaye najua hataki hata kulisikia jina langu. Kaka mwenyewe mpe shikamoo yangu. Asipoitikia, usimlazimishe, nitakuja kumwamkia mwenyewe.

Dada yako aliyezidisha maneno,
Mama Rehema